Dawa uliyopiga kwenye matunda inaishaje, na namna ya kuisaidia iishe kwenye tunda na kwenye udongo

Swali linaloulizwa kila siku ni moja, nikishapiga dawa nikae siku ngapi ndo nivune. Jibu ambalo watu wengi wanapewa ni namba tupu, saba, kumi na nne, ishirini na moja, bila maelezo yoyote, sasa mtu akipata wiki nzima ya mawingu au mvua ikamkuta katikati au akiwa ameshapiga mara mbili hajui ile namba aifanyie nini. Mimi naona mtu akishaelewa dawa inavunjwa na nini na inakuwa imekaa wapi wakati inavunjwa, ile namba ya kwenye lebo inaanza kuwa na maana, anaweza kupanga kazi yake kuanzia siku ya kupiga mpaka siku ya kuchuma, na hata udongo wake ataanza kuutunza tofauti. Hilo ndo nataka tulipitie taratibu.

Anza na lebo, ile sehemu ya maandishi madogo

Jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa halikusaidii sana hapa. Geuza chupa utafute kiambato amilifu, yani kile chenyewe kinachoua, maana chupa tatu zenye majina matatu zinaweza kuwa na kitu kilekile ndani, ukizipiga kwa zamu ukidhani unabadilisha dawa kumbe umerudia dawa moja mara tatu na mabaki yanapandiana. Hapohapo soma zao lililoruhusiwa, kipimo, mara ngapi kwa msimu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zile siku hazijaokotwa, zimetokana na majaribio ya shambani, wanapiga kwa kipimo hichohicho na idadi hiyohiyo kwenye zao hilohilo alafu wanachuma matunda kila baada ya siku kadhaa na kuyapeleka maabara mpaka mabaki yashuke chini ya kiwango. Kwahiyo ukizidisha kipimo zile siku sio zako tena, na ukipiga kwenye zao ambalo halijaandikwa hapo basi huna namba kabisa, unabahatisha tu, na anayekula ndo anabeba hiyo bahati nasibu.

Na hicho kiwango ni nini? Ni kiasi cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa kwenye tunda, kinaandikwa kwa miligramu kwa kilo. Kimataifa kuna Codex Alimentarius, yani mkusanyiko wa viwango vya chakula, iliyoanzishwa mwaka 1963 na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, na nchi nyingi zina orodha zao pia. Umoja wa Ulaya kwa dawa ambayo haijawekewa kiwango chake wanatumia 0.01 mg/kg, yani gramu moja kwenye tani mia moja za matunda, ni kidogo sana hiyo, hata pampu ambayo haikuoshwa vizuri inaweza kukuangusha. Elewa pia kwamba kiwango hiki sio mstari kwamba ukivuka tu mtu anaumwa, ni kipimo cha kuonyesha dawa imetumika inavyotakiwa, usalama wa mlaji unapigiwa hesabu nyingine ya pembeni, lakini sokoni ukikivuka mzigo unakataliwa.

Imekaa wapi kwenye tunda

Hii ndo sehemu watu wanairuka na ndo yenye utajiri wote. Dawa haikai sawasawa kwenye tunda. Siku inayofuata baada ya kupiga dawa ya unga, matone yakishakauka na muda wa kuingia shambani ulioandikwa kwenye lebo ukishapita, vaa glavu ushike tunda uliangalie kwa karibu. Ubavuni utaona vumbi jepesi tu, lakini pale kwenye kishimo cha kikonyo utaona mduara mweupe umeganda, maji yalikusanyika pale yakakauka yakaacha kila kitu. Geuza chini, pale tone la mwisho lilipokuwa linaning'inia kuna doa lingine. Matunda mawili yaliyogusana utakuta katikati yao pamelowa muda mrefu na pana dawa kuliko kwingine. Alafu linganisha tunda la nje linalopigwa jua mchana kutwa na lile lililojificha ndani ya matawi, ni mti mmoja na siku moja ya kupiga lakini hayo ni matunda mawili tofauti kabisa kwa habari ya mabaki.

Dawa za mguso zinakaa juu ya ganda hivyo jua, mvua na upepo vinazifikia. Lakini ganda la tunda lina nta, na dawa nyingi za wadudu zinapenda mafuta kuliko maji, kwahiyo siku zinavyoenda zinazama kwenye ile nta, na zikishazama mvua haizitoi tena. Ndo maana kwenye machungwa na jamii yake sehemu kubwa ya mabaki unaikuta kwenye ganda na nyama ya ndani inakuwa na kidogo. Dawa za sistemiki, zile zinazonyonywa na mmea kama dimethoeti au imidaklopridi, zenyewe zinaingia ndani zinatembea na maji ya mti, huko jua halifiki, zinategemea vimeng'enya vya mmea wenyewe kuzivunja, na hakuna kuosha kutakakozitoa.

Sasa nguvu zinazoipunguza dawa iliyoko juu ya tunda. Jua ni kubwa, miale yake inakata kemikali. Pareto ya asili ndo mfano mzuri, ikipigwa juani nguvu yake inaisha ndani ya siku moja hivi, na hilo lilikuwa tatizo kwa wakulima mpaka mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, walipotangaza permetrini, jamaa ya pareto ya kutengenezwa ambayo inavumilia jua shambani. Kwahiyo dawa nyingi za kisasa kudumu kwake juani sio bahati mbaya, zimetafutwa ziwe hivyo, na wewe unayevuna ujue unapambana na kitu kilichotengenezwa kidumu.

Mvua inaosha, ila inategemea imekuja lini, mvua ya muda mfupi baada ya kupiga inaondoa nyingi, mvua hiyohiyo ikija baada ya dawa kukauka na kuzama kwenye nta inaondoa kidogo. Na kumbuka mvua haijaivunja, imeihamisha tu kwenda kwenye udongo chini ya mti. Joto linazipeperusha zile zenye kupeperuka. Maji yenyewe yanavunja baadhi ya dawa hasa yakiwa ya alkali. Dawa ya ukungu iitwayo kaptani ni mfano mzuri wa kufundishia, kwenye maji ya pH 5 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) inapungua nusu kwa zaidi ya siku moja, ukiiweka kwenye maji ya pH 8 dakika kama kumi tu nusu imekwenda. Hii inakugusa hata kabla ya kupiga, ukichanganya dawa kama hiyo au malathioni kwenye maji ya chokaa yenye alkali ukaenda kula ukarudi jioni kupiga, sehemu ya dawa imeshavunjika kwenye pampu, ukungu au wadudu hawafi vizuri, na unarudia kupiga dawa ambayo haikuhitajika. Pima pH ya maji yako, karatasi za kupimia ni rahisi kutumia, na changanya kile utakachomaliza muda huohuo.

Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu, tunda kukua. Tunda la gramu 40 likifika gramu 160 mabaki kwa kilo yamebaki robo hata kama hakuna chembe iliyovunjika, ni dawa ileile imegawanyika kwenye tunda kubwa. Tunda lililoshapevuka haliongezeki tena, kwahiyo dawa ya mwishoni mwa msimu inakosa msaada huu wote. Ukiniuliza dawa ipi ichaguliwe kwa uangalifu zaidi nitakwambia ni ile ya mwisho, dawa nzito zinazodumu zipigwe mapema tunda likiwa dogo kama wadudu wanaruhusu hivyo, mwishoni tumia zile za muda mfupi, au mitego, au mifuko ya kufunika tunda.

Hesabu kidogo, haina ugumu

Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu, wataalamu wanauita nusu-maisha. Chukua mfano wa kujifunzia, siku ya kupiga kuna 2 mg/kg, nusu-maisha ni siku 5, na kiwango kinachotakiwa ni 0.1. Siku ya 5 iko 1, siku ya 10 iko 0.5, siku ya 15 iko 0.25, siku ya 20 iko 0.125, na siku ya 22 hivi unakuwa umegusa kiwango.

Sasa ichezee hiyo hesabu uone kinachouma ni nini. Ukizidisha kipimo mara mbili, umejiongezea nusu-maisha moja tu, siku 5, inakuwa kama siku 27. Ukipiga mara mbili kwa kupishana siku 7, ile ya kwanza imebaki 0.76 unaongeza 2, unaanza na 2.76, unahitaji kama siku 24 toka siku ya kupiga ya pili. Lakini hali ya hewa ikibadilika kukawa na baridi na mawingu nusu-maisha ikawa siku 10 badala ya 5, hapo unahitaji siku 43. Yani kinachovuruga mahesabu zaidi ni kasi ya kuvunjika kuliko wingi ulioanza nao. Sisemi mtu azidishe kipimo, hilo ni kosa kwa sababu nyingine nyingi ikiwemo mpigaji mwenyewe kujidhuru, nasema mtu anayefuata kipimo vizuri bado anaweza kuvuka kiwango akivuna siku ya mwisho kabisa ya lebo kwenye msimu wa mawingu matunda yakiwa yamejificha ndani ya matawi mazito. Pogoa mti ufunguke jua liingie, na msimu wa baridi jiongezee siku juu ya zile za lebo, kamwe usipunguze.

Na hii hesabu ina udhaifu wake, shambani dawa inashuka kwa kasi mwanzoni wakati iko juu ya ganda, baadaye ile iliyozama kwenye nta inashuka polepole sana, kunakuwa na mkia mrefu. Kwahiyo namba ya siku za mwishomwisho ichukulie kama makadirio yenye matumaini kuliko uhalisia.

Kitu kingine, kuvunjika sio lazima iwe kupotea. Dimethoeti ikivunjika sehemu yake inageuka omethoeti ambayo ni kali kuliko mama yake. Asefeti inatoa methamidofosi, malathioni inatoa malaoksoni, hadithi ni ileile. Mankozebu, dawa ya ukungu, yenyewe inaondoka upesi lakini ikipata joto la kupikia inatoa kemikali iitwayo ETU ambayo ndo inaogopwa zaidi, kwahiyo ile imani kwamba ukichemsha umemaliza kila kitu iacheni jamani. Ukipeleka sampuli maabara uliza kama wanapima na hivi vizalia, maana karatasi inaweza kusema dawa haipo wakati mtoto wake yupo.

Na ukishayaweka matunda kwenye chumba cha baridi usitegemee mabaki yashuke sana, hakuna jua, hakuna mvua, hakuna kukua, na ubaridi unapunguza kasi ya kila kitu. Dawa za ukungu zinazowekwa baada ya kuvuna kama thiabendazoli na imazalili zinafika kwa mlaji karibu kama zilivyowekwa.

Kwenye udongo mambo ni mengine

Sehemu nzuri tu ya unachopiga haiishii kwenye tunda wala jani, inadondoka, inaoshwa na mvua, inakuja na majani yanayopukutika. Chini huko ni giza, jua linagusa ule uso wa juu tu. Imidaklopridi inaonyesha tofauti hii vizuri, kwenye maji yanayopigwa na jua inapungua nusu ndani ya masaa, ukiizika kwenye giza la udongo inachukua miezi na sehemu nyingine inapita mwaka. Kwahiyo kwenye udongo mfanyakazi mkuu ni vijidudu, bakteria na fangasi, wao wanaitumia dawa kama chakula au wanaivunja tu wakiwa kwenye shughuli zao za kula mabaki ya mimea. Ukiwatunza hao umetunza kila kitu.

Muda unatofautiana vibaya sana kati ya dawa na dawa. Malathioni ni siku chache, ikizidi ni kama wiki mbili na kidogo. Glaifosati kwa kawaida nusu-maisha yake inatajwa kama siku 47 lakini kuna udongo inaisha haraka sana na kuna udongo inakaa miezi. Klorpirifosi mara nyingi ni siku 60 mpaka 120, hii Umoja wa Ulaya waliacha kuiruhusu mwaka 2020. DDT ni miaka 2 mpaka 15, alafu inaacha DDE ambayo nayo ni ngumu kuvunjika, Marekani waliizuia kwa kilimo mwaka 1972 na mashamba ya zamani bado inaonekana kwenye vipimo.

Vijidudu wanataka nini? Joto, ukishusha nyuzi 10 kasi yao inashuka karibu nusu au zaidi ya hapo. Unyevu, udongo ambao ukiufinya unashikana bila kutoa maji, udongo mkavu kabisa unasimamisha kazi na udongo uliojaa maji unawanyima hewa. Chakula, yani mboji na matandazo. Na pH isiwe ya asidi kali, ukiwa chini ya 5.5 pima alafu weka chokaa kulingana na kipimo. Sasa angalia ule ukanda wa chini ya miti ambao watu wanaupiga dawa ya magugu kila msimu mpaka udongo unabaki uchi, mkavu, mgumu, unachemka mchana, hapo ndo dawa zinadondoka kwa wingi na hapohapo ndo umewaua njaa wafanyakazi wako. Funika huo ukanda. Weka matandazo, acha majani ya chini yakue uyakate badala ya kuyaua, mwagilia kidogo kidogo badala ya kusubiri pakauke kabisa.

Ila kuwa makini na unachotandaza. Kuna dawa za magugu, klopiralidi na aminopiralidi, zinapita salama kwenye tumbo la ng'ombe na kwenye rundo la mboji zikaja kuharibu nyanya na maharage ya mtu ambaye hajawahi hata kuzinunua. Kama hujui nyasi au samadi imetoka wapi fanya jaribio rahisi, jaza vyungu kadhaa mchanganyiko wa hiyo mboji na udongo safi, vingine udongo safi peke yake, panda maharage kwenye vyote, ukiona yale ya mboji yanakunja majani na kujipinda wakati ya udongo safi yako sawa usiitumie. Jaribio hilohilo linafaa kwa udongo wa shamba unaoshuku una mabaki ya dawa ya magugu, ila kwa dawa ya wadudu halikwambii kitu.

Mboji nayo ina sura mbili, lazima niseme hili maana watu wanaiuza kama dawa ya kila tatizo. Inalisha vijidudu, sawa, lakini pia inaishika dawa. Dawa iliyoshikwa haiendi kwenye maji ya kisima wala haipandi kwenye mmea kirahisi, hilo ni jema, ila vijidudu nao hawaifikii, inakaa muda mrefu zaidi, na imidaklopridi imeonekana kudumu zaidi kwenye udongo uliowekwa mbolea ya asili karibuni. Mkaa uliosagwa ndo zaidi, unafunga bila kuvunja. Mimi bado ningeweka mboji, kwa sababu udongo usio na uhai hauvunji chochote, lakini usitegemee msimu mmoja ukaone miujiza.

Pia ukipiga dawa ileile mwaka hadi mwaka, vijidudu wa pale wanaweza kuizoea wakawa wanaila haraka kuliko mwanzo, imetokea kwa karbofurani ya wadudu na 2,4-D ya magugu, mkulima anaona dawa haifanyi kazi anadhani amepewa feki kumbe udongo umejifunza kuila.

Sehemu chafu kuliko zote ni pale unapochanganyia

Ukipima shamba zima mara nyingi utakuta mahali penye mabaki mengi kuliko pote sio chini ya miti, ni pale pampu inapojazwa na kuoshwa, kila siku kidogo kidogo, dawa isiyochanganywa ikimwagika palepale. Hapa kuna suluhisho ninalolipenda kweli, lilianzia Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni shimo linalokula dawa. Unachimba kina cha kama sentimita 60, chini unaweka tabaka la mfinyanzi au nailoni nzito isivuje, alafu unajaza mchanganyiko kwa ujazo, nusu yake mabua makavu ya nafaka yaliyokatwakatwa, robo udongo wa juu wa shamba lako, robo mboji iliyoiva (wenyewe waliotangulia walitumia peti, yani mabaki ya mimea yaliyooza kwenye vinamasi). Changanya, loweshea, iache wiki kadhaa ipoe na kuanza uhai wake, panda nyasi juu. Mabua hayapo pale kwa kujaza nafasi, yanawalisha fangasi wale wanaoozesha mbao, na vimeng'enya vyao vya kuvunjia mti ndo hivyohivyo vinavunja kemikali nyingi ngumu, udongo unaleta bakteria ambao wameshazoea dawa zako, na mboji inashika dawa isikimbie kabla hawajaifikia.

Pampu ijazwe juu ya hilo shimo au pembeni yake na kilichomwagika kiingie humo. Maji ya kusuuza pampu bora uyapige shambani kwenye zao lililoruhusiwa, mabaki machache ndo yaende shimoni. Nyasi za juu zikifa ujue umelizidishia. Mchanganyiko unazama kila mwaka kwahiyo ongeza mabua, na baada ya miaka mitano mpaka minane toa wote, uuache uoze pembeni kama mwaka mmoja alafu weka mpya. Liwe mbali na kisima, na lizuie maji ya mvua kubwa yasiingie kwa wingi.

Vile ambavyo havivunjiki

Hapa hakuna kijidudu wala jua litakalosaidia. Toka mwanzoni mwa karne ya ishirini mpaka miaka ya 1940 dawa kubwa ya wadudu kwenye mashamba ya tufaha Marekani na kwingineko ilikuwa madini ya risasi yaliyounganishwa na aseniki, na vyote viwili ni elementi, haviwezi kuvunjwa, viko palepale kwenye udongo wa juu mpaka leo. Shaba nayo, tangu Millardet, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, alipotangaza mchanganyiko wake wa shaba na chokaa kwa mizabibu ya Bordeaux mwaka 1885, imekuwa ikijikusanya, na mtu anayelima bila kemikali za viwandani bado anaitumia akidhani haina shida. Ulaya wameiwekea mpaka wa kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7, yani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Weka hesabu ya shaba unayopiga, andika kila mwaka.

Kama umenunua au umerithi shamba la matunda la zamani sana, pima risasi, aseniki na shaba kabla ya kufanya lolote. Miti haipandishi risasi nyingi kwenye tunda, hatari kubwa ni vumbi na mikono ya watoto wanaocheza pale na mboga za mizizi utakazopanda kati ya miti. Na usimwage mbolea ya fosfeti kwa wingi kwenye udongo wenye aseniki, fosfeti inaisukuma aseniki itoke iliposhikwa iwe rahisi kunyonywa na mimea au kushuka na maji.

Ukitaka kujua kwa uhakika, chukua sampuli vizuri

Maabara haiwezi kurekebisha sampuli mbaya. Matunda, chuma kutoka miti tofauti, nje na ndani ya matawi, juu na chini, usichague mazuri na usiyaoshe wala kuyafuta. Codex wanataka angalau kilo moja yenye matunda yasiyopungua 10 kwa matunda ya wastani, na kilo mbili zenye yasiyopungua 5 kwa yale yanayozidi gramu 250 kila moja. Udongo, chukua kidogo kidogo sehemu 15 mpaka 20 kwa kuzunguka zigizaga, kina cha sentimita 0 mpaka 15, changanya uwe sampuli moja, lakini usichanganye udongo wa chini ya miti na wa katikati ya mistari, na pale pa kuchanganyia dawa pawe peke yake kabisa. Aliyetoka kupiga dawa asishike sampuli. Igandishe kama haifiki maabara siku hiyohiyo, ikikaa juani kwenye gari dawa inaendelea kuvunjika njiani na utapewa majibu matamu ya uongo.

Na wewe unayekula tu

Osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa mkono, nusu dakika au zaidi, kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani, waliona hili linapunguza mabaki ya dawa nyingi walizopima, na kinachosaidia zaidi ni ule msuguano. Sugua kile kishimo cha kikonyo na kitako. Sabuni usitumie, tunda linaweza kuinyonya. Bakingi soda inasaidia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2017 waliloweka tufaha kwenye maji yenye gramu 10 kwa lita, dakika 12 kwa thiabendazoli na 15 kwa fosmeti ambayo ni dawa ya wadudu, juu ya ganda zikaisha zote. Lakini asilimia 20 ya ile thiabendazoli na 4.4 ya fosmeti ilikuwa imeshaingia ndani ya ganda na huko soda haikufika. Kumenya kunaondoa zaidi, ila osha kwanza ndo umenye, kisu kisihamishe dawa kwenda kwenye nyama. Ukitumia ganda la limau au chungwa kwenye keki au jamu jua unakula sehemu yenye mabaki mengi kuliko zote, tafuta ambayo hayakuwekwa dawa baada ya kuvuna.

Anayekamua juisi kwa kawaida anapata mabaki machache kwenye juisi na mengi kwenye makapi, kwahiyo makapi hayo yasiende moja kwa moja kwa mifugo bila kufikiria. Anayekausha ndo awe makini zaidi, kilo nne hivi za zabibu mbichi zinatoa kilo moja ya kavu, jua la kukaushia linavunja sehemu ya dawa lakini ile isiyovunjika yote inabaki ndani ya hiyo kilo moja, kwahiyo tunda lililopita kipimo likiwa bichi linaweza kufeli likiwa kavu, sampuli ya kupimwa itoke kwenye mzigo uliokwisha kukaushwa.